Jina Kwanza au Kazi Kwanza? Kisa cha Kisabengo na Majina ya Morogoro

Mimi naitwa Shida. Si jina la utani, wala sikujipachika ili nionekane msanii. Ndilo lililoandikwa kwenye cheti changu cha kuzaliwa, ndilo lililokuwa likisomwa kila asubuhi kwenye rejista ya shule, na ndilo liko juu ya cheti changu cha kidato cha nne, cheti ambacho kwa kweli hakina makubwa ya kujivunia. Nilizaliwa mwanzoni mwa 1998, zile mvua za Elnino zilipokuwa zikibomoa madaraja nchi nzima. Mama alinizaa baada ya kukaa siku mbili ng'ambo ya mto uliofurika, akisubiri maji yapungue ili avuke kwenda zahanati. Maji hayakupungua. Bibi ndiye aliyenipokea, na Bibi ndiye aliyesema, "Huyu ni Shida." Basi ikawa hivyo.

Kwa miaka mingi jina hilo halikuninyima usingizi. Sasa linaninyima, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni riwaya. Ninayo riwaya niliyoiandika kwa mkono katika kaunta buku nne. Jamaa mmoja mwenye uzoefu wa mambo ya vitabu aliipitia, akaisifu, kisha akageuza jalada na kulitazama jina langu. "Bwana mdogo," akaniambia, "hadithi ipo. Lakini nani atatoa hela yake akanunue shida? Watu shida wanazo nyumbani. Tafuta jina lingine."

Ya pili ni msiba. Mjomba wangu, kaka yake mama, alifariki huko kwetu upande wa Matombo. Sisi Waluguru ukoo tunaurithi kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mpwa ndiye anayesimama mahali pa mjomba. Wakati wa kumaliza matanga wazee walikaa, wakaniita, wakasema jina la marehemu lisipotee, nilichukue mimi. Niliomba muda wa kufikiri. Mzee mmoja akacheka. "Shikamoo yako tumeipokea, mjukuu wangu," akasema, "lakini jina haliombewi muda."

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nilijikuta kati ya majina matatu: nililozaliwa nalo, ninaloshauriwa kulitunga, na ninalotakiwa kulirithi. Swali ambalo vijana hulipigia kelele vijiweni, eti jina lina nguvu ya kumpandisha mtu au kumshusha, kwangu halikuwa tena la kupitishia muda. Nikaamua kulitafutia jibu katika historia ya hapa hapa Morogoro. Hebu tuanze na mtu aliyeujenga mji huu.

Mtu huyo aliitwa Kisabengo. Habari zake tunazipata zaidi kwa wasafiri wa Kizungu, hasa Henry Morton Stanley, aliyepita hapa mwezi Aprili 1871 akitokea Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone. Stanley alikuwa mpita njia. Alisikia masimulizi ya watu na kuyaandika alivyoyaelewa, kwa hiyo tusimezee kila neno lake. Hata hivyo masimulizi hayo ni ya ajabu, na yanagusa swali letu moja kwa moja.

Anasema Kisabengo hakuwa mtoto wa mfalme. Alitoka katika watu wa chini. Alikuwa na nguvu za mwili, alikuwa na mdomo wa kuhutubia, na alijua kuchekesha na kuvuta watu. Watumwa waliotoroka walimkubali awe kiongozi wao. Alitafutwa na serikali ya Sultani wa Zanzibar, akakimbilia bara na kufika nchi ya Ukami, chini ya milima hii. Hapo alipigana na wenyeji, akajitwalia ardhi, akachagua mahali pazuri kando ya mto unaoshuka kutoka Uluguru. Akajenga mji wenye ukuta wa mawe, minara pembeni na malango manne, kila lango likitazama upande wake wa dunia, na milango yake ya mbao ngumu ikiwa imechongwa nakshi kama ile ya pwani. Mji ule akauita Simbamwene, yaani simba mwenye enzi.

Jina la Kisabengo wakati huo lilikuwa la kutisha. Misafara ililiogopa. Lakini Stanley anasimulia kwamba mzee yule alipofikia uzeeni alilitupa jina lake mwenyewe akachukua jina la mji. Hakutaka tena kuitwa Kisabengo, aliitwa Simbamwene. Na alipokaribia kufa aliagiza binti yake mkubwa ndiye atawale, akamwachia na jina hilo pia. Stanley alipofika, aliyekuwa kwenye kiti ni huyo binti, na watu walimwita Simbamwene.

Tazama sasa mpango wa mzee huyu. Mtu mwenye jina la vita anajua kwamba jina la vita haliwezi kurithiwa na mtoto. Anajenga mji, anaupa mji jina la enzi, kisha anajivika yeye mwenyewe jina hilo kama mtu anavyovaa kanzu aliyoishona, na kanzu hiyo anamwachia binti yake. Sijui kama kuna mwandishi wa riwaya aliyewahi kubuni jambo la werevu kuliko hilo.

Je, jina lilifanya kazi? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Binti hakuwa mtu wa kuchezewa. Alidai hongo kwa Stanley kama ilivyokuwa desturi ya kila mtawala wa njia ya misafara. Baadaye aliwakamata watu wa msafara huo waliorudi mjini kwake kumtafuta mwenzao aliyetoroka, na bunduki zao akazizuia. Mzungu yule mwenye hasira za karibu alilalamika sana katika kitabu chake, lakini aliendelea na safari.

Lakini angalia mfuatano wa mambo. Ukuta ulitangulia, jina likafuata. Ushindi ulitangulia, jina likafuata. Hakuna mahali panaposema Kisabengo alianza kwa kujiita Simba Mwenye Enzi akiwa mtoro asiye na kitu, halafu mambo yakamnyookea. Angejiita hivyo siku ile ya kwanza, wenzake wangemcheka. Na mwaka uliofuata, yaani 1872, mvua kubwa na dhoruba zilipiga nchi yote hii. Mto ulifurika ukabomoa sehemu ya ukuta na kusomba nyumba. Stanley alipopita akirudi pwani aliukuta mji umeharibika, na malkia mwenyewe kaukimbia. Maji hayakuuliza ni mji wa nani. Mimi niliyezaliwa katika mafuriko nalielewa hilo vizuri.

Turudi kidogo mwaka 1871, kwenye lango lile lile la Simbamwene. Katika msafara wa Stanley alikuwamo nahodha wa askari aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao. Alitekwa akiwa kijana mdogo, akapelekwa Kilwa, akauzwa, akavushwa bahari hadi India. Jina Bombay ni la mji wa huko, na Mubarak maana yake ni mwenye baraka. Lilikuwa miongoni mwa majina ambayo wenye mali walipenda kuwapa watumwa, kama vile Feruzi, Bahati na Farajala. Fikiri: umenyang'anywa mama yako, umenyang'anywa lugha yako, halafu unaitwa Mwenye Baraka. Mtu akitaka kuonyesha kwamba maana ya jina na maisha ya mwenye jina ni vitu viwili, aanzie hapo.

Hata hivyo Bombay huyo, baada ya bwana wake kufa na yeye kupata uhuru, alirudi Afrika akawa kiongozi wa misafara mashuhuri kuliko wengi. Alitembea na Burton na Speke mwaka 1857, akatembea na Speke na Grant, akatembea na Stanley, kisha akavuka bara zima na Cameron hadi Bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Alifariki 1885. Jina la kununuliwa alilifanya lijulikane mpaka London. Je, baraka ilitoka kwenye jina? Mimi nasema ilitoka kwenye miguu yake. Wako akina Mubarak wengine wengi waliobeba mizigo katika njia ile ile, wakafa porini, na hakuna aliyeandika habari zao.

Karibu miaka mia moja baadaye, katika mji huu huu, jina lile lilirudi. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa 1944, alipiga gitaa la Morogoro Jazz Band hadi nchi nzima ikamjua, na kuanzia 1973 akawa na Super Volcano. Mbaraka ni lile lile Mubarak, limezungushwa ulimini mwetu tu. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, hajafikisha hata miaka 35. Kabla yake hapa Morogoro alikuwapo Salum Abdallah wa Cuban Marimba, ambaye jina lake lina asili moja na neno salama. Naye alikufa kwa ajali ya gari, mwaka 1965. Ukiniambia jina la baraka humkinga mtu, nitakuonyesha Mbaraka. Ukiniambia jina la salama humfikisha mtu uzeeni, nitakuonyesha Salum. Na ukiniambia walifeli maishani nitakukatalia vile vile, maana nyimbo zao zinapigwa mpaka leo na wazee bado wanatikisa kichwa.

Basi tumeona maana ya jina haiamui. Lakini hapa kuna mtu atanikatiza: "Shida, we unazungumzia maana ya jina. Vipi kuhusu jina la ukoo? Jina la watawala? Hilo je?" Swali zuri. Tupande mlimani.

Kule Kinole, upande wa mashariki wa Uluguru, kuna jina Kingalu. Kingalu si mtu mmoja. Ni jina linalokaliwa kama kiti kinavyokaliwa. Akifa Kingalu mmoja, mpwa wake anachukua mahali pake na anaitwa Kingalu, na hesabu yao imekwisha kupita 10. Wa kale walijulikana kote milimani kwa kazi ya mvua. Mvua ikigoma, watu walipeleka zawadi zao kwa Kingalu ili aiombe. Hapo jina lina nguvu bila ubishi. Kijana wa kawaida wa Kinole akipewa jina hilo, siku inayofuata wazee waliokuwa wakimtuma dukani wanamwamkia kwa heshima.

Lakini tuchimbe zaidi. Anayepewa jina la Kingalu anapewa jina pamoja na kazi. Mvua isiponyesha, lawama ni zake. Mashamba ya ukoo yakigombaniwa, kesi ni yake. Jina hilo ni kama jembe: anayekabidhiwa hakabidhiwi ili alitundike ukutani.

Ndiyo maana jina la cheo lililotolewa na watu wasiojua kazi yake lilikwama milimani humu. Zamani Waluguru hawakuwa na mfalme mmoja wa milima yote. Kila ukoo ulikuwa na ardhi yake na mkuu wake. Waingereza walipoleta utawala wa kupitia wenyeji miaka ya 1920, walitaka wakubwa wachache wa kupelekewa amri, na cheo cha Sultani kikawekwa juu ya koo zile. Kufikia miaka ya 1950 Sultani wa Uluguru alikuwa Sabu bin Sabu. Wakati huo serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo, na ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Nia ilisemwa ni njema, maana udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli. Lakini kazi ilikuwa nzito, ya kulazimishwa, na mahali pengi matuta yale yaliufukia udongo wenye rutuba na kuuacha ule mbaya juu. Mavuno yakawa haba.

Mwezi Julai 1955, huko kwetu Matombo, watu walikusanyika kukataa. Polisi walipiga risasi, na mtu mmoja aliuawa. Baada ya hapo mpango wa matuta ukaachwa. Jina la Sultani halikuwazuia watu wale. Hawakuwa watu wasioheshimu majina. Waluguru hao hao waliokataa amri ya Sultani ndio waliokuwa wakipeleka zawadi Kinole kuomba mvua. Waliheshimu jina lenye kazi waliyoielewa, wakalikataa jina lenye kazi waliyoletewa.

Baada ya Uhuru, mwaka 1963, serikali ilifuta madaraka ya machifu. Mtu angetegemea jina la Kingalu lifie hapo. Halikufa. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua soko kuu jipya la Morogoro mjini, na soko hilo likaitwa Soko Kuu la Chifu Kingalu. Jina lililokuwa la kuomba mvua sasa liko juu ya mahali ambapo mazao ya mvua yanauzwa. Mama anayepanga nyanya pale hajui labda Kingalu wa 5 alikuwa nani, lakini jina analitaja kila siku akipanda daladala. Kisabengo na ukuta wake wa mawe hakubahatika hivyo.

Nitakuwa mwongo nikisema jina halina madhara yoyote, maana hiyo ingekuwa kukimbia nusu ya swali. Mwaka 2004 wataalamu wawili wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lao. Walituma karibu barua 5,000 za kuomba kazi katika miji ya Boston na Chicago. Walizilinganisha sifa, wakabadilisha majina tu. Barua nyingine zilikuwa na majina kama Emily na Greg, yanayojulikana kuwa ya Wazungu, na nyingine Lakisha na Jamal, yanayojulikana kuwa ya Wamarekani Weusi. Mwenye jina la kwanza aliitwa mara moja kwa kila barua 10 hivi. Mwenye jina la pili ilimbidi atume barua 15 hivi ili aitwe mara moja. Elimu ile ile, uzoefu ule ule. Barua 5 zaidi kwa ajili ya jina!

Na sisi tusijifanye malaika. Zama za ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na jina la ubatizo lilikuwa kama tiketi ya kupandia basi la elimu. Huko Kenya, mtoto aliyezaliwa Kamau wa Ngengi alibatizwa Johnstone, na mwaka 1938 alipotoa kitabu chake juu ya Wagikuyu akakitia jina la Jomo Kenyatta, akaachana na la wamisheni. Huko Zaire, Joseph-Désiré Mobutu alipiga marufuku majina ya Kizungu mwaka 1972 na kujiita Mobutu Sese Seko. Wote wawili walijua kwamba jina ni mlango ambao mtu mwingine anakutazama kupitia humo. Lakini Zaire haikushiba kwa sababu rais wake alibadili jina. Nchi ilibadilishwa jina nayo, na mfuko wa mwananchi ukabaki ule ule.

Basi nikafika hapa: nguvu haimo ndani ya jina, imo katika sikio la anayelisikia. Sikio hilo linaweza kuwa na dharau, woga, upendeleo au heshima, na mwenye jina hana mamlaka nalo siku ya kwanza. Ana mamlaka na siku zinazofuata tu.

Mfano mkubwa kuliko yote tunao nyumbani. Mwaka 1922 huko Butiama alizaliwa mtoto wa Chifu Burito. Awali aliitwa Mugendi, yaani mtembezi. Kwa kuwa alikuwa akilia sana, mganga akashauri aitwe Kambarage, jina la pepo wa mvua. Alipobatizwa mwaka 1943 akawa Julius. Na lile la baba yake, Nyerere, katika Kizanaki ni viwavi, kwa sababu mzee yule alizaliwa wakati viwavi walipovamia nchi. Ndugu msomaji, kaa chini ulifikirie hilo. Jina lililoandikwa kwenye barabara na viwanja vya nchi hii ni jina la mdudu mharibifu wa mazao! Kama jina lingekuwa na uwezo wa kumfunga mtu, jina la viwavi lingemfunga nani kama si mwenyewe aliyelibeba? Leo ukisema "Nyerere" hakuna anayefikiria mdudu. Maana ya zamani imefunikwa na maana mpya, na aliyeifunika ni mtu kwa kazi zake.

Na hapa Morogoro tunazo shule za kujifunzia jambo hilo, majina yako getini. Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, tarehe 12 Aprili 1984, akiwa Waziri Mkuu. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Kilimo kilichoko chini ya milima hii kikapewa jina lake. Na Mazimbu, mahali palipokuwa shamba la mkonge, wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC walijenga chuo chao mwishoni mwa miaka ya 1970 wakakiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwezi Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Solomon ni yule yule Suleimani, mfalme wa utajiri. Utajiri wa kijana yule haukuwa wa aina hiyo.

Mazimbu kuna funzo jingine. Wakimbizi wengi wa ANC walitumia majina ya vita ili jamaa zao walioachwa nyuma wasisumbuliwe na polisi wa makaburu. Vijana waliishi chini ya milima yetu kwa majina ambayo mama zao hawakuyajua. Kwao jina la bandia halikuwa mapambo ya kutafutia umaarufu. Lilikuwa ukuta. Chuo kilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine: jina ndani ya jina.

Basi nirudi kwenye kaunta buku zangu nne.

Kubadili jina kwa mwandishi si dhambi. Wengine wamelitumia jina lao kwa ujanja mtamu: Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alizichukua herufi za mwanzo za majina yake akamtengenezea mpelelezi wake, Bwana Msa. James Ngugi wa Kenya alitoa riwaya zake za mwanzo kwa jina hilo, kisha akalitupa James akawa Ngũgĩ wa Thiong'o. Lakini aliloliacha alikuwa amelitangaza kwanza. Hakulikimbia kabla ya kuandika.

Yule jamaa aliyeniambia hakuna atakayenunua shida, simlaumu. Sikio lake ni sikio la soko, na soko lipo. Labda kweli nitapeleka mswada mahali 15 pale ambapo mwenye jina la Neema au Bahati angepeleka 10. Hizo 5 za ziada nimezihesabu, na nauli yake nimeifikiria. Nimeamua kuilipa. Riwaya itakwenda na jina la Shida. Kisabengo alibadili jina ukuta ukiwa umekwisha simama. Mimi bado sijapanga hata jiwe la kwanza, nabadili jina la nini?

Na jina la mjomba? Hilo lilinichukua usiku mwingi zaidi. Sikulitaka, kusema ukweli. Mjomba aliacha shamba la migomba lenye mpaka unaobishaniwa, watoto wawili wanaosoma, na ugomvi wa ndugu ambao yeye tu alijua kuutuliza. Nilidhani wazee wananipa heshima. Nilipomweleza mama wasiwasi wangu, aliendelea kuchambua mchele kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, hukupewa jina. Umepewa kazi. Jina ni la kukuitia shambani tu."

Mama hajasoma habari za Simbamwene wala za Kingalu. Lakini alilisema jambo ambalo mimi nililizunguka kwa kurasa zote hizi.

Mwezi ujao napanda gari la Matombo. Jina lenyewe sitaliandika hapa, kwa sababu bado halijawa langu. Nitalipokea mbele ya wazee, na Jumatatu yake asubuhi nitakwenda kuutazama ule mpaka wa shamba. Mjini nitaendelea kuwa Shida, mwenye kaunta buku nne na mhuri wa posta mfukoni. Mlimani nitaitwa vingine. Yote mawili yananisubiri niyajaze maana, na nasema wazi naogopa kidogo.

Na wewe msomaji mwenye jina unaloliona zito, au jepesi, au la kuchekwa, waulize wazazi wako ulizaliwa siku gani na kulikuwa na nini. Huenda ukagundua kwamba jina lako si utabiri. Ni habari ya siku moja tu, ile ya kwanza. Zilizobaki hazijaandikwa.